Mwanika mkonge wa Kwamndolwa aliyemkosea msomaji wake

Saa moja na nusu asubuhi, uwanja wa kuanikia mkonge ulio nje kidogo ya Kwamndolwa, Korogwe, umekwisha changamka. Toroli la kwanza kutoka korona, kule majani yanakokamuliwa, limemwaga singa, nyuzi mbichi za mkonge zinazochuruzika maji ya kijani. Wanawake kumi na wanne wanazichota kwa mikono miwili, wanazikung'uta, kisha wanazitandaza juu ya nyaya.

Mashavu Sadala yuko kwenye waya wa tatu. Ana miaka arobaini na mitano kwa hesabu yake mwenyewe, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na katika kilemba amechomeka kalamu ya risasi. Waya wake umejaa, naye anapumua kidogo, maana toroli la pili leo limechelewa.

"Haya, Mama Lea," anamwambia mwenzake. "Soma kabla mnyapara hajaja."

Mwenzake ni Paulina, mama wa miaka kama thelathini. Anaketi juu ya jiwe, anafuta mikono kwenye gauni, anafungua daftari na kusoma akifuata maneno kwa kidole.

"'Chimba pole pole, usikate shingo ya kiazi.'" Anainua uso. "Shingo ni wapi, Mama Zamda? Mimi nimezoea viazi visivyo na shingo."

Wenzao wanaangua kicheko. Mashavu hacheki. Anachomoa kalamu kichwani, anachukua daftari na kuweka alama ya mkwaju pale pale kidole cha Paulina kiliposimama.

"Hapo nimekupoteza tena," anasema. "Nitarudia."

Basi hivyo ndivyo kitabu kinavyoandikwa hapa. Anayekuja akitarajia kumkuta mtunzi mezani, na miwani na wino, atavunjika moyo. Atamkuta mwanamke mwenye vumbi jeupe la mkonge hadi kwenye kope, na msomaji mmoja ambaye kila akikwama, mtunzi anashukuru.

Kitabu chenyewe kinahusu vyakula vya porini vilivyowavusha watu wa Handeni katika miaka ya njaa: majani, matunda, na zaidi ya yote ndiga, kiazi cha mwituni chenye miiba shinani. Ndiga inashibisha, lakini ina sumu. Asiyejua kuiandaa atajuta, na Mashavu hawezi kulitamka jambo hilo bila kuinamisha macho. Tutafika huko.

Alizaliwa katika mji wa babu yake, nyumba sita tu katikati ya mashamba ya mahindi na mtama, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Handeni mjini. Aliyemlea ni bibi yake, Chausiku. Wakati wa vita vya Hitla mvua zilikataa misimu miwili mfululizo, na ghala la babu likabaki na harufu ya mahindi tu.

Asubuhi moja bibi alichukua jembe akawaita wajukuu wake watatu wa kike.

"Bibi hakutuambia tukajifunze," anakumbuka Mashavu. "Alisema, 'Njooni mnibebee kikapu.' Tukabeba. Tuliporudi tulikuwa tumeshajua. Mpaka leo sikumbuki siku niliyofundishwa."

Ndiga zikishachimbwa, wanawake wa miji yote ya jirani walikutana mtoni. Walimenya ndiga, wakazikata vipande vyembamba, wakazijaza vikapuni na kuvilaza kwenye maji yanayokwenda, mawe juu yake visichukuliwe. Siku tatu. Kwa zamu walikaa kuvilinda, wakisukana nywele na kusemana.

"Njaa ilikuwa mbaya, nisikudanganye," anasema. "Niliona watu wazima wakitembea kwa kushika kuta. Lakini pale mtoni tulicheka, mwanangu! Sijui tulikuwa tunacheka nini. Nikipata harufu ya matope ya mto, kile kicheko kinanirudia chote, na ninaweza kukwambia kila aliyekaa pale alikaa jiwe gani."

Alipoolewa na Mhina, mkata mkonge, walihamia Korogwe. Ilikuwa mwaka 1955. Bibi Chausiku aliwahi kuuona Uhuru, akauliza kama nao utakuja na mvua. Mvua ikaja mwaka ule hadi ikakata njia, na bibi akasema sasa huo umezidi. Alifariki miaka miwili baadaye. Mhina naye alifariki mwaka 1968, akamwacha Mashavu na binti mmoja, Zamda, katika kambi ya wafanyakazi wa mkonge.

Mwaka 1974 kaka yake, Rehani, alihamia pamoja na jirani zake wote katika kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Mashavu alikwenda kuwaona. Alikuta shule, duka la ushirika, na bomba la maji ambalo watoto walikuwa hawajachoka kulifungua na kulifunga. Hana neno baya juu ya kijiji. Lakini kesho yake aliomba asindikizwe hadi kwenye mji wa zamani.

"Paa la bibi lilikuwa limekaa chini," anasema. "Penye mafiga yake imeota mboga. Nikaichuma ile mboga, nikaibeba hadi Korogwe, nikaipika huku nalia. Zamda akaniuliza kama nimeunguza."

Ndipo lilipomjia wazo la kitabu. Watu wamehama, mto umebaki kule, na wale waliokaa juu ya yale mawe wamebaki watatu.

Kuandika alikuwa anaweza. Alianza kisomo cha watu wazima mwaka 1971, katika banda la kuhifadhia magunia, saa kumi alasiri baada ya kazi. Neno la kwanza kulisoma mwenyewe nje ya darasa lilikuwa kwenye kibao cha stesheni ya reli. "Nimepanda treni pale miaka kumi na sita," anasema, "kumbe jina la mji lilikuwa pale juu ya kichwa changu."

Mratibu wa elimu ya watu wazima, Ndugu Jonathan, alikuwa amewatangazia wanakisomo kwamba atakayeandika jambo lenye manufaa, litapigwa chapa kwa mashine ya kudurufu na kupelekwa katika maktaba za vijiji. Mashavu alijifungia ndani Jumapili nne. Akatoka na kurasa ishirini.

Kurasa tano za mwanzo zilikuwa salamu. Alisalimia chama, serikali, mkoa, wilaya, na kila mkubwa aliyewahi kumsikia redioni, kwa heshima na taadhima. Ndiga ilijitokeza ukurasa wa sita, tena kwa kuomba radhi.

Ndugu Jonathan, kijana mpole asiyependa kumvunja mtu moyo, alisoma yote hadi mwisho.

"Mama, shikamoo tena," alisema. "Kitabu hiki unamwandikia nani?"

"Ninyi wakubwa."

"Sisi wakubwa hatuchimbi ndiga, mama."

Mashavu alinuna wiki nzima. Anakiri mwenyewe. "Nilisema, kijana huyu nimemsalimia kurasa tano, yeye ananiuliza nani!" Halafu alirudi kwenye daftari akakata salamu zote, akaamua kuwaandikia wanawake. Wanawake wa Handeni, watu wake, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Kazi ya pili aliisoma mwenyewe darasani. Wazigua wenzake waliokuwamo walipiga makofi. Mmoja alijifuta machozi. Walikuwa wakiitikia "Ndivyo!" kabla hajamaliza sentensi, na yeye akazidi kunogewa. Hapo ndipo angeshtuka, maana msomaji anayemaliza sentensi yako hahitaji kitabu chako. Lakini nani hushtuka akipigiwa makofi?

Wanafunzi wanne waliomba kunakili kwa mkono. Watatu walikuwa Wazigua. Wa nne alikuwa Paulina.

Paulina ni Msambaa. Kwao ni milimani, juu ya Soni, ambako migomba inazaa na maji yanashuka mwaka mzima. Aliteremka mwaka 1972 na mumewe Lukasi, aliyepata kazi ya kukata mkonge. "Njaa tuliisikia tu kuwa iko kwa watu wa tambarare," anasema. "Tulikuwa tunawaonea huruma. Na kuwacheka kidogo, Mungu anisamehe."

Mwanzoni mwa mwaka jana, 1975, huruma hiyo ilimrudia mwenyewe. Vuli ilikuwa imekauka. Foleni ya unga wa njano ilianza kabla duka halijafunguliwa, na mara nyingine uliisha zikiwa zimebaki hatua kumi. Jumapili moja baada ya ibada, Paulina alichukua jembe na daftari lake akavuka mto kuelekea porini. Alitafuta shina lenye miiba na majani matatu matatu, kama lilivyoelezwa. Akaliona.

"Nilifurahi jamani," anasema, na hata leo furaha ile iko usoni. "Nilijiambia, leo sijamwomba mtu. Nimesoma mwenyewe, nimeona mwenyewe, nimechimba mwenyewe."

Alizimenya. Alizichemsha zikalainika. Akatia chumvi, akapakua.

Kabla jua halijazama, binti yao Lea, wakati huo ana miaka sita, alisema nyumba inazunguka. Halafu Lukasi akaanza kutapika, na Paulina akamwona mtoto anakakamaa mikono. Majirani waliwabeba wote watatu hadi zahanati. Walilazwa siku mbili. Walipona, wote, na mganga aliwaambia wamshukuru Mungu kwa kuwa hawakuwa na chakula kingi sufuriani.

Mashavu alizipata habari uwanjani Jumatatu. Aliacha singa mikononi mwa jirani yake akakimbia hadi zahanati. Mlangoni alikutana na Lukasi, macho yameingia ndani, mkononi daftari la mkewe lililoletwa na majirani.

"Nionyeshe ulipoandika," Lukasi alimwambia.

Ukurasa wa kumi na moja ulisema: Menya, chemsha hadi zilainike, tia chumvi.

"Nilisoma mara tatu," anasema Mashavu. "Nilidhani mke wake ameruka mstari aliponakili. Nikatoa daftari langu mwenyewe. Hakuruka. Mto sikuuandika. Siku tatu sikuziandika. Nani anaandika 'washa moto' kabla ya 'teleka sufuria'? Kwangu mimi ndiga bila mto haikuwapo hata kichwani. Nikaona nimemlisha mtoto wa watu sumu kwa mkono wangu, tena kwa mwandiko mzuri."

Jioni ile ile alizunguka kambi kwa miguu akayakusanya madaftari matatu yaliyobaki. Wenyewe walimshangaa. Katika ukurasa ule walikuwa wameona mto na siku tatu wazi kabisa, ingawa havikuandikwa. Hata hivyo aliandika juu yake kwa herufi kubwa: USIPIKE. Kisha kalamu ya risasi akaitupa darini, na miezi saba haikushuka.

Lukasi akawa anamsalimia kwa mbali, kichwa tu. Mashavu hakumlaumu. Uwanjani alihama waya ili asiwe karibu na Paulina, na chakula cha mchana alikula peke yake.

Aliyeukata ukimya huo ni Paulina. Alimfuata siku moja kwenye waya wa mwisho, akasimama mbele yake.

"Mama Zamda, umenilazia mwanangu zahanati."

"Najua, mwanangu. Sina la kusema."

"Basi usiseme. Andika. Mvua za mwaka huu nazo zinasuasua, na mimi sijui kitu. Mara hii uniandikie mimi. Usiwaandikie hao wanaojua."

Mashavu anasema alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Akajiuliza zile kurasa alikuwa akimwandikia nani hasa, kila neno alipoliweka alikuwa akiuona uso gani. Jibu lilimkalisha kitako.

"Nilikuwa namwandikia bibi," anasema. "Nilitaka aone kwamba sijasahau. Bibi yangu aliyekufa, tena hakujua kusoma hata herufi moja! Yeye ndiye niliyekuwa namtaka apige makofi."

Tangu siku hiyo wakaanza huu utaratibu wa toroli. Mashavu anaandika nyumbani, Paulina anasoma uwanjani, na panapomkwamisha panapigwa mkwaju. Habari ya ndiga pekee ilipigwa mikwaju thelathini na mmoja. Vipande vyembamba ni vyembamba kiasi gani? Kikapu cha namna gani? Maji yanayokwenda ni yapi, hata ya bomba? Siku tatu ukihesabu ile ya kuloweka, au kuanzia kesho yake? Nitajuaje kama zimeiva kwa maji?

"Alinichosha!" Mashavu anacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Kuna siku nilimwambia, Mama Lea, wewe hata uji utaniuliza mlango wa kuingilia."

"Na ningeuliza," Paulina anajibu bila kugeuka.

Kurasa ishirini zimekuwa sabini na nne. Lakini mkwaju uliomuuma zaidi haukupigwa na Paulina.

Zamda, binti yake, ana miaka kumi na tisa na anashona cherehani mjini Korogwe. Mwezi wa nne mwaka huu alikuja kumtembelea mama yake, na mama akampa sura ya zamani, ile yenye kosa, aisome apate kucheka. Zamda alisoma hadi mwisho, akasema imeandikwa vizuri.

"Hukuona kitu kimepungua?" mama alimuuliza.

"Chumvi?" akajibu Zamda.

Mashavu anasimulia hayo taratibu. "Mzigua baba, Mzigua mama. Nimemzaa mwenyewe. Lakini amezaliwa kambini, amekula posho ya mahindi tangu ananyonya. Sijawahi kumwambia aje anibebee kikapu. Nilikuwa nadhani Paulina ni mgeni. Kumbe mgeni mwingine ninaye ndani ya nyumba, na siku moja naye angechemsha."

Mwezi uliopita kazi ilijaribiwa. Walikubaliana kwamba Paulina ataandaa ndiga kwa kufuata daftari tu, na Mashavu atakaa karibu bila kusema neno. Kwa mtu wa tabia yake hiyo ilikuwa adhabu. Siku ya kwanza alijiuma midomo kwa jinsi vipande vilivyokatwa. Siku hiyo hiyo, mtoni, alimwona Paulina analaza kikapu kwenye ghuba ndogo ya mto ambako maji yamesimama. Alishika magoti yake kwa mikono yote miwili. Paulina akafungua daftari, akasoma, akatazama maji, akadondosha jani kavu juu yake. Jani halikwenda. Akakinyanyua kikapu akakihamishia katikati.

"Lile jani liko ukurasa wa arobaini," anasema Mashavu. "Nililiandika kwa sababu aliniuliza."

Siku tatu za mtoni zilipotimia, Paulina aliweka kipande ulimini kama ilivyoandikwa, akasikia hakiwashi, akazichemsha mchana. Lukasi alikuwa amekaa kizingitini.

"Mwandishi aanze," alisema.

Mashavu akala sahani nzima. Wakakaa wakimtazama alasiri yote, wakizungumza habari nyingine ambazo hakuna aliyekuwa akizisikiliza. Jioni Paulina naye akala. Lea alipewa uji. Kesho yake asubuhi, wote wakiwa wazima, Lukasi alichukua kipande kimoja kilichobaki, akakipuliza vumbi, akakiweka mwenyewe kwenye bakuli la mwanawe. Halafu akamgeukia Mashavu.

"Karibu chai, Mama Zamda," alisema.

Mashavu anapofika hapo anageukia nyaya na kuanza kuzinyoosha singa ambazo tayari zimenyooka.

Ndugu Jonathan ameahidi kuanza kukata stensili za mashine ya kudurufu mwezi ujao. Nakala mia mbili zitatoka, nusu kwa vijiji vya Handeni, nusu kwa Korogwe. Chache kati ya hizo zitawekwa Segera, kwenye njia panda, ambako wafanyabiashara wa pande zote hupumzika. Mbali na mikwaju michache ya mwisho, kilichobaki kilikuwa ukurasa wa mbele. Ofisini walipendekeza iandikwe kwamba ni kitabu cha wanawake wa Handeni. Mashavu akakataa kwa adabu, akaomba apewe hadi Ijumaa.

Ijumaa alimwita Zamda, mwenye mwandiko mzuri kuliko wake, akamtajia maneno. Zamda akaandika: Kitabu hiki ni chako wewe usiye na bibi wa kumuuliza.

Binti alikausha wino kwa pumzi, akayasoma tena maneno yale. Kisha akamuuliza mama yake, polepole, bibi mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

"Sikumjibu," anasema Mashavu. Toroli la pili limeanza kusikika likiguruma relini, na wenzake wanainuka. Naye anaifunga kanga vizuri, anachomeka kalamu kichwani. "Nilimwambia anipe muda. Hicho ni kitabu kingine, na mara hii msomaji ninamjua."